Kambuzi ka Emali kalipotelea kongamanoni

Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, lina uzuri mmoja: unaweza kuwasilisha makala kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Huko ndiko nilikopeleka sehemu ya tasnifu yangu ya uzamifu kuhusu lugha ya kupatana bei katika soko la mifugo la Emali, kaunti ya Makueni, ambako Mkamba na Mmaasai wa upande wa Kajiado hukutanishwa na Kiswahili.

Dakika kumi na mbili kati ya ishirini zilikwenda kwa nadharia. Sisi wanafunzi tunapenda nadharia. Inatukinga na maswali. Kisha nikaonyesha mfano wangu wa kwanza: “Mbuzi huyu mdogo ni wa pesa ngapi?” Mama mmoja aliyekaa nyuma akaomba asikie sauti niliyorekodi. Nikaicheza. Ukumbi ukasikia mnunuzi: “Haka kambuzi ni ka pesa ngapi?” Na muuzaji: “Hii mbuzi ni elfu sita, wacha mchezo.”

Mama akauliza, “Sasa, kambuzi kameenda wapi?”

Watu wakacheka. Mimi nilitoka jasho. Ukweli ni kwamba nilikasanifisha mwenyewe, usiku, nikiogopa kuaibika ugenini.

Kumbe hoja yangu yote ilikuwa kwenye kile kiambishi. Ngeli ya KA-TU haimo katika majedwali tunayokaririshwa shuleni, lakini Kikamba kinayo, na sokoni ina kazi. Mnunuzi humpunguza mnyama kwa ka- kabla hajapunguza bei. Muuzaji anakataa upunguzaji huo papo hapo kwa kusema “hii mbuzi”, ya ngeli ya I-ZI, na mnyama anarudia ukubwa wake. Nilipowaweka wote wawili kwenye A-WA, walisikika kama mtu mmoja anayejiuzia mbuzi.

Sikosoi Kiswahili sanifu. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wake, kilipewa kazi ya vitabu na shule, nacho kimeifanya. Ninachokosoa ni zoea letu watafiti kupiga pasi maneno ya watu, kisha kuyaita data. Kosa la msemaji likitukera tuliandike lilivyo, tulijadili chini yake.

Niliporudi nilipanda treni hadi Emali, nikamchezea muuzaji yule sauti yake. Alicheka, kisha akasema, “Ukiita ng'ombe yangu kang'ombe, hatuuziani.” Sentensi hiyo ilinifaa kuliko kurasa zangu thelathini za nadharia.

Sasa ninaandika upya sura ya nne. Msimamizi anapendekeza kambuzi kawekwe kwenye kiambatisho. Mimi nataka kakae katikati ya ukurasa, na bado tunapatana.