Kagera imeandikwa sana. Nani Muleba anaisoma?

Ni mikoa michache Tanzania iliyochunguzwa kama Kagera. Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Muhimbili walifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huu kuona vifo vya watu wazima, hasa kipindi kile cha UKIMWI, vinaziachaje familia. Mwaka 2004 watafiti wakarudi kuwatafuta watu walewale, wengine wakafuatwa hadi Uganda, na 2010 wakarudi tena. Humo ndimo yalimotoka matokeo ambayo wachumi wa maendeleo wanayataja mpaka leo: ukilinganisha watu waliotoka kaya moja, matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Yaani lile swali la kila kijana wa Bukoba, niondoke au nibaki, lina jibu la kitakwimu, na jibu lenyewe limetokana na wazazi wake.

Muleba nayo ina hadithi yake. Mbu wa huko walikuwa wameshazoea dawa ya kwenye vyandarua, kwa hiyo watafiti waliyagawa maeneo ya wilaya katika makundi 48 na kujaribu vyandarua vilivyoongezwa PBO. Kiambata hiki si muuaji mkubwa wa mbu. Kazi yake ni kuzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuivunja dawa mwilini. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 kwenye maeneo ya PBO, na asilimia 42 kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida. Makala ilitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2018, lakini tayari 2017 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutumia ushahidi huo kupendekeza vyandarua vya aina hiyo. Vidole vilivyochomwa kutolewa damu vilikuwa vya watoto wa Muleba.

Sasa mchukue mama wa mmoja wa watoto hao, yuko Kamachumu, ana simu janja na bando la buku. Maktaba zetu za kidijitali zinamtambua kama nani? Jibu fupi: hazimtambui. Zinamhesabu mtu kwa taasisi yake, hazimhesabu kwa makazi yake, na kasoro hii naiona kubwa kuliko zile tunazozilalamikia kila siku, za mtandao kusumbua na umeme kukatika.

Tukiangalie kitasa chenyewe. Seva ya mchapishaji haikujui kwa sura wala kwa jina. Inachokiona ni anwani ya IP, namba ya mtandao unaotumia. Chuo kikishalipia leseni, kinapeleka orodha ya namba zake, na ombi lolote linalotoka ndani ya namba hizo linafunguliwa. Ukitoka getini ukawasha data ya simu, namba inabadilika, na makala uliyokuwa unaisoma dakika tano zilizopita inadaiwa dola 30 au 40. Kuna vyuo vinavyotoa nywila ya kusomea nyumbani, ila nayo inakwisha ukihitimu. Kwa hiyo mtu mwenye digrii ya kilimo anayerudi Muleba kufanya kazi ya kilimo ana uwezo mdogo wa kusoma kuhusu kilimo kuliko alipokuwa mwaka wa pili. Jamani, huo ni mpangilio wa ajabu.

Mifumo tuliyonayo si mibaya. COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, upo ili vyuo visinunue kila kimoja peke yake. Research4Life, iliyoanza na HINARI ya afya mwaka 2002 na AGORA ya kilimo mwaka 2003, inaipa Tanzania maelfu ya majarida bila malipo. Wengi wetu tusingeandika tasnifu bila hiyo. Lakini wanaosajiliwa ni taasisi, mtu binafsi hawezi kujisajili. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inamfikia mtu mmoja mmoja, na hilo ni jambo zuri sana, ila kilichomo ni vitabu vya mtaala. Ukishamaliza shule, umemaliza na rafu zake.

Hasara yake naiona vizuri zaidi kwenye migomba. Mnyauko bakteria ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na ukaingia kwenye vibanja ambavyo ndivyo chakula cha Mhaya. Ushauri wa mwanzo ulikuwa mchungu: mgomba ukiugua, ng'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Fikiria kumwambia bibi mwenye kibanja cha robo eka maneno hayo. Utafiti uliofuata, sehemu kubwa ukifanyika Kongo mashariki, ulionyesha kwamba bakteria haenei kwenye machipukizi yote, na kwamba ukiukata chini mgomba ule tu wenye dalili, ukarudia kila unapouona mwingine, huku ukiondoa ua dume na kusafisha panga kwa moto au jiki, ugonjwa unashuka sana. Kati ya ushauri wa kwanza na wa pili kuna tofauti ya mikungu mingapi? Afisa ugani aliyejifunza ule wa kwanza chuoni ataujua wa pili kama semina itamfikia. Akingoja jarida limfikie, atangoja sana.

Kwingine wamejaribu kuhesabu wakazi. Jimbo la Georgia, Marekani, lilianzisha GALILEO mwaka 1995 kwa ajili ya vyuo vyake vikuu, baadaye likaingiza maktaba za umma na shule. Iceland ilifanya mkataba wa nchi nzima: ukiwa kwenye mtandao wowote wa nchi hiyo, wa nyumbani au wa mgahawa, seva inakufungulia. Najua, Iceland ni tajiri. Ila ina watu wasiofika 400,000 wakati Kagera peke yake inakaribia milioni tatu, na wachapishaji walikubali. Misri si tajiri kiasi hicho, na tangu 2016 ina Benki ya Maarifa inayomfungulia raia yeyote aliyejisajili. Gharama yake kwa serikali si ndogo. Kilichonivutia hapo ni kwamba mkataba uliandikwa kwa raia.

Sisi tayari tunacho chombo chenye wazo hilo, tena cha zamani. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzia kwenye sheria ya 1963, na Mwalimu alifungua Maktaba Kuu Dar es Salaam Desemba 1967. Bukoba ipo maktaba ya mkoa. Haikuulizi unasoma chuo gani. Mkataba ujao wa vyuo ukiziandika na anwani za maktaba za mikoa, mtu wa Bukoba atakuwa na mlango wa kisheria wa kuingilia hata kabla hatujafikia ndoto ya kila simu.

Nitaambiwa watu hawasomi majarida. Wengi hawasomi, kweli, hata huku vyuoni tunasoma muhtasari na hitimisho (msiniangalie hivyo). Lakini hatuhitaji wasomaji milioni tatu. Mtangazaji mmoja wa redio Bukoba akiisoma makala ya migomba jioni, asubuhi imesikika hadi Nshamba. Pingamizi zito zaidi ni la lugha. Ile makala ya vyandarua vya Muleba iko wazi kabisa, haina ukuta wa malipo, na bado imefungwa, kwa sababu iko kwa Kiingereza cha kitabibu. Uwazi wa namna hiyo tunaushangilia kupita kiasi. Kila utafiti unaopewa kibali cha kuchukua damu au majibu ya watu wa Kagera ungedaiwa kurasa mbili za Kiswahili, ziwekwe kwenye maktaba ya mkoa, ikiwezekana na kwa Kihaya kwa ajili ya redio.

Kwa visiwani, Bumbire, Goziba na kwingine, ambako bando ni gharama na mtandao unakuja na kuondoka, kurasa hizo zinaingia kwenye kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja, ikarusha Wi-Fi yake yenyewe bila intaneti. Kiwix, programu ya bure, inafanya hivyo na Wikipedia nzima ya Kiswahili. Na kwa anayesoma hapa akiwa ofisi ya ugani au hospitali ya wilaya: vituo vya ugani na hospitali vinaruhusiwa kujisajili Research4Life, na fomu inajazwa na taasisi yenyewe, huhitaji kupitia chuo.