Mtungi Kichwani, Soga Mdomoni

Kuna ugonjwa katika mashairi ya dini tunayoandika sisi vijana: Mungu haji ila kwa radi. Beti tatu za nuru na machozi ya usiku wa manane, kisha mshairi anarudi kwenye shughuli zake kana kwamba hakukutana na mtu. Leo nataka tumsome aliyeikataa njia hiyo kiasi cha miaka 700 iliyopita: Namdev, fundi nguo wa Maharashtra, India.

Namdev hakuwa Singasinga. Aliishi kabla ya Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Hata hivyo, Guru Arjan alipokusanya kitabu kitakatifu cha Masingasinga mwaka 1604, alimpa nafasi humo, pamoja na Kabir mfuma nguo, Ravidas fundi wa ngozi na Farid, sufii wa Kiislamu. Kitabu hicho, Guru Granth Sahib, karibu chote ni mashairi ya kuimbwa. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh aliwaachia wafuasi wake kitabu hicho kiwe ndicho guru wao. Hebu fikiri, wewe unayeambiwa kila siku kwamba ushairi ni kupoteza muda!

Shairi ninalolisema huimbwa kwa mahadhi ya Ramkali. Kwa maneno yangu, linakwenda hivi. Mtoto anarusha tiara; anapiga soga na wenzake, lakini akili iko kwenye uzi. Wasichana wanateka maji, wanacheka njia nzima, lakini akili iko kwenye mtungi. Ng'ombe analisha mbali, lakini akili iko kwa ndama. Mama anahangaika na kazi za ndani na nje, lakini akili iko kwa mtoto aliyemlaza. Kiitikio nacho kina sonara na dhahabu yake. Ndivyo moyo wa mshairi ulivyo kwa Mungu.

Ukisoma haraka utasema: tashbihi tano, hoja moja, basi. Ndivyo tulivyozoea shuleni, fani huku, maudhui kule, tia alama. Lakini tazama mpangilio wa beti. Uzi ukikatika, umepoteza karatasi. Mtungi ukianguka, nyumbani hakuna maji. Ndama ni damu ya ng'ombe mwenyewe. Na mtoto mchanga? Shairi linaanza na mchezo, linaishia kwa mtoto. Kila ubeti kinachopendwa kinazidi uzito, na mshairi haelezi, anapanga tu.

Tena angalia nani wamo humo. Hakuna kasisi, hakuna pango, hakuna aliyefumba macho. Hata soga haikatazwi. Hapo ndipo ninapouona ujasiri wa Namdev. Hasemi acha kazi ukamtafute Mungu, wala hasemi kazi yenyewe ndiyo Mungu. Anasema kuna kushikilia kusikohitaji mtu anyamaze. Msichana haukumbuki mtungi asubuhi akausahau mchana. Akiusahau kidogo tu, tutasikia kishindo.

Wapo watakaosema haya ni ya Wahindi, yanatuhusu nini? Jamani, wasomaji wa kitabu hiki walikuja Afrika Mashariki kujenga reli. Pale Makindu, Kenya, kati ya Mombasa na Nairobi, kuna hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, na msafiri wa dini yoyote hula bure. Dini yao inawafundisha mambo matatu: kulikumbuka Jina la Mungu, kufanya kazi ya halali, na kula kwa kugawana. Anayesukuma chapati jikoni kwa ajili ya mgeni asiyemjua yumo ndani ya shairi la Namdev.

Lawama yangu ni moja. Ng'ombe wa Namdev hasahau kamwe. Sisi tunaogombea daladala jioni tunasahau, na shairi hili halina ubeti wa siku uzi unapolegea. Kwangu mimi hilo ni pengo, na hapo ndipo penye nafasi ya kalamu zetu.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, iache radi ipumzike. Nionyeshe konda anayening'inia mlangoni akidai nauli na kutukanwa, halafu uniambie akili yake imeshika uzi gani. Kama haijashika wowote, andika hilo pia.