Shabiki na Utendaji: "Billie Jean", 1983

Wananadharia wa fasihi simulizi hushikilia kwamba utendaji haurudiwi: fanani na hadhira hukutana, tukio likapita. Hamu ya shabiki kwa nyimbo za ujana wake yaitia kauli hii majaribuni. Tuchukue Michael Jackson alivyotumbuiza "Billie Jean" katika maadhimisho ya miaka 25 ya kampuni ya Motown. Onyesho lilirekodiwa Pasadena, California, tarehe 25 Machi 1983, likatangazwa katika televisheni tarehe 16 Mei. Sauti ilikuwa ya kanda. Mwili tu ndio uliotenda. (Ajabu ni kwamba wimbo wenyewe haukuwa wa Motown.) Hata hivyo shabiki husimulia usiku ule wa Mei kana kwamba alikuwamo ukumbini, akidumu zaidi katika zile sekunde chache za miguu kuteleza kinyumenyume. Mhakiki anayemwona kuwa amedanganywa hajamsikiliza. Shabiki huyu anasimulia pia sebule, ndugu waliopiga kelele, na majaribio ya hatua ile sakafuni kesho yake. Huo nao ni utendaji, wenye hadhira na fanani wake, wala haumo katika kanda yoyote. Uhakiki wetu, uliozoea kumtazama msanii kwanza, haujaushughulikia ipasavyo.