Pongezi kwa Wakosoaji wa Picha Ndogo

LiveJournal, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1999, uliwapa watumiaji nafasi ya picha ya utambulisho isiyozidi pikseli 100 kwa 100. Humo ndimo mashabiki wa tamthilia na filamu kama Buffy, Harry Potter na Doctor Who walimojenga sanaa kamili: kukata uso kutoka kwenye filamu, kukoleza rangi, kupachika neno moja. Malipo hakuna.

Nyuma ya sanaa hiyo wapo watu wanaostahili sifa zaidi ya wanazopewa: wakosoaji wake.

Mkosoaji mzuri haishii kusema "nzuri sana", maneno matamu yasiyomfundisha mtu kitu. Anaonyesha mahali penyewe, kwa mfano: Ngozi imegeuka rangi ya chungwa kwa sababu tabaka la rangi limezidi, lipunguzwe nguvu. Picha imenolewa mno hadi nywele zinachoma macho. Maandishi yamekaa shavuni na hayasomeki; yaondolewe, macho ya mhusika yanatosha. Kisha hutaja kilichofaulu na sababu yake, tuseme uso uliosogezwa pembeni ukaacha nafasi tupu upande unakotazama.

Katika eneo dogo hivyo, pikseli tano ni mwendo mrefu. Mtengenezaji hufanya kazi akiwa ameikuza picha kwenye skrini, ilhali wengine wataiona kwa udogo wake halisi. Hapo jicho la pili huwa na thamani kubwa mno. Wakosoaji walio bora husubiri waombwe maoni, hukosoa kazi wala si mtu, na toleo jipya likija hulikagua tena kwa umakini uleule.