Nywele Chache Hazitaki Rasta, Zinataka Njia

Mteja alikuja na picha kwenye simu: rasta nyembamba zinazofika kiunoni. Msusi, mama mtu mzima anayefanyia kazi barazani kwake Kibiti, hakuitazama sana. Alimfungua mtandio, akapitisha vidole kutoka kichogoni hadi utosini, kisha akazikusanya nywele zote kwenye ngumi moja kama anayepima ukindu wa kuanzia mkeka.

"Mwanangu, kichwa hiki hakibebi rasta. Nikusokote zako mwenyewe."

"Mama, si ngozi itaonekana?"

"Ngozi huonyeshwa na njia. Tulia."

Tuanze na alichopima kwa ngumi. Watu huchanganya unywele mwembamba na nywele chache. Mtu anaweza kuwa na nyuzi nyembamba lakini tele, au nene lakini zimeachana. Za huyu zilikuwa nyembamba na pia chache, na juu ya masikio zilishaanza kunyonyoka. Si peke yake: mwaka 2007 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha uchunguzi wa Cape Town uliokuta karibu theluthi ya wanawake watu wazima wamenyonyoka kwa sababu ya kuvutwa nywele. Ukimwongezea rasta mtu wa namna hiyo, unatundika mzigo kwenye shina lililokwisha kulegea.

Sasa njia, maana hapo ndipo kazi ilipokuwa. Njia zilizonyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni huacha mistari ya ngozi kama matuta ya muhogo. Msusi alizipasua kwa ncha ya kitana cha mkia, zikaenda upogoupogo, na mafungu akayapanga kama fundi apangavyo matofali: fungu la mstari wa pili likae katikati ya mawili ya mstari wa kwanza. Msokoto ukilala, unafunika njia iliyo chini yake. Nyuma mafungu yalikuwa na upana wa kidole gumba, utosini yakapungua kidogo. Mbele nilitarajia ayafanye madogo zaidi, kama wanavyotaka wengi ili uso upendeze. Akayaongeza ukubwa. Nywele za mbele ni dhaifu, na fungu likiwa kubwa, nyuzi nyingi zinagawana mvuto mmoja. 

Kusokota kwenyewe ni elimu ya kamba ya usumba, na pwani hii imesokota kamba tangu enzi za mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba. Kila kishungi alikisokota kwanza kuelekea kulia, ndipo akavipishanisha viwili kuelekea kushoto. Kila kimoja kinataka kufumuka upande wake, mwenzake anakizuia, basi vinashikana bila kukazwa. Wasiojua hupishanisha tu vishungi vilivyolala, vinafumuka, halafu wanatafuta dawa kwa kuvuta. Shinani alianza kwa mkono mwepesi kabisa, akakaza kidogo kuanzia katikati, na ncha akaiviringisha kwenye kidole. Kwa nini asisuke vishungi vitatu? Msuko wa vitatu hujibana ukawa mwembamba. Msokoto wa viwili huwa wa mviringo na unajaza kichwa.

Nywele zilikuwa na unyevu tu, hazikulowa. Unywele uliolowa huvutika, na ukikauka unajikunja kurudi ulikotoka. Ukiwa ulisokotwa umekazwa, mvuto wote unaishia kwenye shina. Ndiyo maana mtu husukwa jioni akiwa hana neno, akaamka na vipele na kichwa kinamgonga.

Mafuta ya nazi, ambayo Kibiti hayatafutwi mbali, alimpaka kabla ya kuosha. Utafiti wa Rele na Mohile wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo ya alizeti hayakulifanya. Wakati wa kusokota alitumia matone tu. Yakizidi, nyuzi nyembamba hugandana na kichwa kinaonekana kama kimenyeshewa.

Kosa lilikuja mwishoni. Mteja alikuwa akienda harusini visiwani, kwa boti ya kutoka Nyamisati, akaomba zibanwe juu zisipeperuke. Msusi akazikusanya utosini kwa mpira, akazivuta. Kilemba laini kingetosha. Unyevu wa pwani wala haukuwa adui: misokoto huvimba, inatoa vinywele pembeni, na kwa mwenye nywele chache huko ndiko kujaa kwenyewe.

Baada ya siku 16 nilikuwapo wakati wa kufumua. Mteja alishika bonge la nywele kiganjani, macho yamemtoka. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kwenye misokoto hazina pa kuangukia, kwa hiyo siku 16 ni kati ya 800 na 1,600 zinazotoka kwa mkupuo. Msusi aliinua unywele mmoja kwenye mwanga: una kitone cheupe mwishoni. Huo umemaliza siku zake. Uliokatika hauna kitone.

Zilizokaa juu ya masikio, pale mpira ulipovuta, nyingi hazikuwa nacho. Nampa msusi alama 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa ajili ya ule mpira.