Kurekebishwa na Kurekebika katika Maelezo ya Toleo

Kila toleo jipya la programu ya kompyuta hufuatana na maandishi mafupi yaelezayo yaliyobadilika. Maandishi hayo tunayaita maelezo ya toleo. Wengi hudhani yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Lakini mwenye haja nayo kuliko wote ni mjaribu, yaani yule akabidhiwaye programu na mtungaji wake aipime kabla haijawafikia watumiaji. Kwa hiyo istilahi zake zastahili kupimwa kwa swali moja: je, mjaribu akizisoma hujua la kufanya?

Sentensi iliyoenea mno katika programu za simu ni hii: “Tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji.” Kisarufi haina dosari. “Hitilafu” nalo ni neno zuri, nasi twalipendelea kuliko “mdudu”, tafsiri ya neno kwa neno inayomfanya mtu atafute dawa ya kunyunyizia. Lakini ni hitilafu zipi? Mjaribu huachiwa ama kupima kila kitu upya ama kubahatisha.

Tatizo zito zaidi limo katika neno “imerekebishwa”. Tuchukue mfano wa programu ya mishahara inayokata kodi mara mbili. Mtungaji akiisha kubadili mistari yake huandika “imerekebishwa”, wala hasemi uongo. Msomaji, hata hivyo, huelewa kwamba kodi sasa hukatwa mara moja, jambo ambalo bado hakuna aliyelishuhudia. Na atakayelipia tofauti hiyo ni mfanyakazi mwisho wa mwezi. Bugzilla, daftari la hitilafu la mradi wa Mozilla tangu mwaka 1998, ilitenga hali mbili: hitilafu iliyomalizwa na mtungaji, na ile iliyohakikiwa na mjaribu. Tena “kumalizwa” kwaweza kuwa na maana kwamba hitilafu haitarekebishwa kabisa! Mfasiri atakayeandika “imerekebishwa” kwa hali zote hizo atakuwa amefuta kazi ya mjaribu kwa neno moja.

Wako wanaopendekeza “imethibitishwa” kwa hali ya pili. Hatukubaliani nao. “Hitilafu imethibitishwa” husomeka kuwa hitilafu kweli ipo, yaani kinyume cha lililokusudiwa.

Kwa maoni yetu, dawa imo katika mnyambuliko wa vitenzi vyetu wenyewe. Kauli ya kutendwa hudokeza kuwa yuko aliyetenda. Kauli ya kutendeka hutaja hali iliyofikiwa na kitu chenyewe. Fundi aweza kuirekebisha saa, na saa isirekebike. Basi “imerekebishwa” liwe neno la mtungaji, na “imerekebika” liwe la mjaribu, baada ya kurudia hatua zile zile zilizoleta hitilafu. Itasemwa kwamba kauli hiyo huonyesha pia uwezekano. Ni kweli kwa “inarekebika”, lakini kiambishi -me- huondoa shaka hiyo. Pingamizi tunaloliheshimu zaidi ni la macho: maneno haya mawili yafanana mno katika kioo kidogo cha simu. Kwa hiyo yasiachwe peke yake, bali yaandikwe pamoja na kilichopimwa na kilichobaki, kwa mfano: “Kodi kukatwa mara mbili: imerekebishwa. Mishahara ya mwezi mzima: imerekebika. Mishahara ya nusu mwezi: haijajaribiwa.”