Mpira wa Lori Kuukuu: Namna ya Kuutambua Ulio Bora

Malori ya Bedford TK, yaliyojaa barabarani katika miaka ya 1960 na 1970, bado yanafufuliwa na watu wenye subira. Chuma hakiwasumbui sana: bamba hukatwa na kuchomelewa, injini hufunguliwa na kufungwa upya. Kinachowakwamisha ni mipira. Ule wa kioo cha mbele umekauka na kupasuka, wa mlango unabomoka mkononi, na General Motors, iliyomiliki Bedford, iliachana na malori hayo miaka ya 1980. Basi mipira hutengenezwa upya, na hapo mnunuzi anahitaji jicho kali, kwa sababu mipira mipya yote ni myeusi na yote inang'aa.

Swali la kwanza la mjuzi halihusu umbo. Huuliza mpira huo utakutana na nini: jua, oili au mafuta ya breki? Mpira wa asili, hata ukipikwa na salfa kwa njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844, huvimba ukiguswa na oili na hupasuka kwa jua na ozoni. Mpira wa sintetiki uitwao EPDM huvumilia jua, mvua na mafuta ya breki ya glaikoli, lakini oili ya injini huivimbisha na kuilegeza. Nitraili, mpira mwingine wa sintetiki, ni kinyume chake: huishi na oili miaka mingi, ila jua huichanachana na mafuta ya breki huiharibu. Kwa hiyo mpira wa kioo uwe wa EPDM, na wa kuzuia oili uwe wa nitraili. Muuzaji asiyejua mpira wake ni wa aina gani hafai kuaminiwa, hata bei ikivutia. Mwenye shaka akate kipande, apime unene wake, akiloweke siku kadhaa katika kimiminika kitakachokigusa, kisha apime tena.

Umbo lina mtego wake. Wengi huuchukua mpira wa zamani, hutengeneza kalibu kwa kuufuata, na hupata nakala yenye kasoro zote za mzee huyo. Mpira wa zamani umekwisha kusinyaa, na mahali ulipobanwa kwa miongo umebonyea. Juu ya hayo, mpira mpya nao husinyaa kidogo ukitoka kalibuni, mara nyingi asilimia 2 hivi. Fundi makini hukata kipande chembamba pale ambapo jua halikufika, hukilaza kwenye karatasi kando ya rula na kuchora mkato wake. Kisha hupima kwa kalipa unene wa kioo na wa ukingo wa bodi, kwa maana hivyo havikusinyaa.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore A, chenye namba 0 hadi 100. Mpira wa kioo hutakiwa uwe kati ya 60 na 70 hivi. Anayefikiria kuuchapisha ajue kwamba plastiki laini za printa za 3D mara nyingi hufika 85 hadi 95; mpira mgumu kiasi hicho haulali vizuri kwenye kioo, na maji hupita. Asiye na kipimo abonyeze kwa ukucha: alama ipotee mara moja. Kisha aukunje na kutazama mgongo wa kunjo kama una nyufa ndogo. Ukungu mweupe juu ya mpira usimtishe, kwani mara nyingi ni nta iliyotiwa ili kuukinga na ozoni.

Mpira wa mlango wenye sponji unastahili jaribio lake pekee. Upimwe uzito, uzamishwe majini, ubanwe, uachiwe, ufutwe, kisha upimwe tena. Ukiwa mzito kuliko mwanzo, umekunywa maji, na maji hayo yataozesha sehemu ya chini ya mlango uliochomelewa kwa gharama. Mpira ukishafungwa, karatasi ibanwe kati ya mlango na fremu, ivutwe kidogo kidogo kuzunguka mlango mzima. Inapotoka bila kukwaruza, mpira haugusi.

Afrika Mashariki mafundi huchonga bushi kutoka matairi makuukuu. Kwa kupokea mishtuko ya barabara huo ni ustadi wa kweli. Lakini tairi lina nyuzi ndani, na nyuzi hupitisha maji na oili, kwa hiyo halifai kuwa sili, yaani mpira wa kuzuia uvujaji.

Sili za shafti zisitengenezwe upya kabla ya kuulizia maduka ya beringi. Huuzwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu na upana. Malori ya Uingereza ya wakati huo, Bedford ikiwemo, yalipimwa kwa inchi. Shafti ya inchi 2 ni milimita 50.8, na sili ya 50 itaonekana kama inaingia huku ikijichakaza.

Mipira ya silinda za breki isitengenezwe karakanani hata kidogo. Inunuliwe ya kiwandani, yenye kipimo kilichoandikwa na katika pakiti iliyofungwa. Isipopatikana, lori lisubiri.